Damu Iliyozidi

Mwalimu wa mbio alisubiri mpaka wenzangu wote wamepanda gari, ndipo akaniita pembeni ya uwanja. Hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Nani amekuchoma sindano?"

"Sindano gani, mwalimu?"

"Nakuuliza wewe."

Tulikuwa Babati. Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mpya. Watu wazima walikuwa wakiulizwa wametoka wapi wanasema Arusha, kisha wanajirekebisha. Timu ya riadha ya mkoa nayo ilikuwa mpya, na viongozi walitaka ionekane. Siku hiyo alikuwa amekuja wakala, mtu wa suti na viatu vya michezo, ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta wakimbiaji na kuwapeleka kwenye mbio za barabarani nje ya nchi. Alitutazama tukikimbia, akachagua wachache, nami nikiwemo. Kisha muuguzi aliyekuja naye akatuingiza kwenye darasa tupu, akatutoboa vidole mmoja baada ya mwingine.

Wenzangu waliambiwa damu yao ni nzuri. Mimi muuguzi alinitoboa mara ya pili, kwenye kidole kingine. Alitazama kimashine chake, akatoka nje kuongea na wakala. Nilibaki nimeshika pamba, nikiwaza jambo ambalo kila mtu wa wakati ule aliliwaza akichukuliwa damu.

Halikuwa hilo. Damu yangu ilikuwa imezidi. Watu wengi, hasa wasichana, huambiwa wamepungukiwa. Mimi nilikuwa nayo nyingi kuliko hata wanaume wa timu yetu. Wakala akamwambia mwalimu kwamba msichana wa umri wangu hawezi kuwa na damu ya namna ile yenyewe tu. Kuna dawa ya kuchoma, alisema, inayoongeza damu ili mtu asichoke, na wazungu wanawafungia watu mashindano kwa ajili yake. Hakutaka matatizo. Aliondoka na wengine.

"Sijachomwa kitu," nilimwambia mwalimu.

Alinitazama mikono, akaigeuza, akatafuta alama kwenye mishipa. Alikuwa askari mstaafu, amekimbia enzi zake, na alikuwa haamini mtu. Wakati wa mashindano alituzuia kunywa hata chai ya watu tusiowajua. Sasa alikuwa hatafuti tena adui wa nje.

"Kaka yako anauza dawa," alisema. "Nitaongea na baba yako." Akaenda kupanda gari.

Kwetu ni kwenye milima juu ya mji wa Mbulu, mahali ambapo asubuhi ukungu unakaa shambani mpaka watoto wameshafika shule. Baba alilima mahindi na maharage, akafuga ng'ombe wachache. Mama alitoka uwanda wa Hanang, kwa wafugaji, akaolewa huku juu, na hakuwahi kuyazoea mahindi kabisa. Kwake chakula kilikuwa maziwa. Aliyahifadhi kwenye kibuyu alichokisafisha kwa mkaa wa mti aliouletewa na ndugu zake, na sisi watoto wawili, mimi na kaka, tulikunywa kutoka kibuyu hicho hicho.

Kaka alinizidi miaka michache. Yeye ndiye aliyeanza mbio, mimi nikamfuata. Mwalimu alitupa mazoezi yale yale: kupanda mlima, kushuka, siku ya kukimbia polepole, siku ya kasi. Kaka aliyafanya yote na kuongeza ya kwake. Mimi baada ya msimu mmoja nilikuwa mtu mwingine. Yeye baada ya misimu kadhaa alikuwa vile vile alivyoanza, anahema pale pale kwenye kona ya kanisa, muda wake haushuki. Na tulikula sahani moja, lakini mimi nilikonda na yeye akanenepa kiuno. Mwalimu akamshuku kwamba anatoroka mazoezi. Akamfuatilia kwa baiskeli bila yeye kujua, wiki nzima, akamkuta anakimbia kweli. Alimwambia tu kwamba wengine mwili hauitikii, na kaka akaviweka viatu uvunguni mwa kitanda.

Ile ilikuwa miaka ambayo biashara zilifunguliwa kila mahali. Mashamba makubwa ya ngano ya serikali kule upande wa Basotu yalikuwa yamelegea, watu waliokuwa na ajira huko wamerudi nyumbani, na Mbulu mjini kila mwenye chumba kinachotazama barabara alikuwa anauza kitu. Maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa mapya. Kaka akapata mafunzo mafupi, akaajiriwa kwenye mojawapo, karibu na sokoni.

Niliporudi kutoka Babati sikumwambia mtu yaliyotokea. Nilianza kutazama. Nilimtazama mama anavyoosha kibuyu, nikajiuliza ule mkaa ni wa mti gani hasa. Nilimwuliza.

"Ni mti wa nyumbani," alisema. "Unaua wadudu wa maziwa. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Umeanza lini kuuliza tu?"

Kwa siku kadhaa nilikataa maziwa nikisema tumbo linauma. Mama aliona, akawa ananitazama na yeye. Kisha nikakumbuka vidonge. Miezi michache nyuma kaka alikuwa amenipa vidonge vyekundu vimefungwa kwenye karatasi, bila boksi, bila jina. Aliniambia ni vya kunisaidia mazoezini. Nilivimeza vyote. Kadiri nilivyofikiri, ndivyo nilivyoona kila kitu kinamwelekea yeye: alikuwa na dawa mkononi, alikuwa na sababu kwa vile yeye mbio zilimkataa, alikuwa ndiye pekee niliyekula kitu kutoka mkononi mwake bila kuuliza.

Mwalimu alikuja nyumbani kama alivyoahidi. Baba alikuwa shambani, kwa hiyo mwalimu alizungumza na mama, akaondoka kabla chai haijachemka. Mama hakunihadithia walichoongea. Alisema tu, "Nenda kamwulize kaka yako. Muulize wewe, si mtu mwingine."

Nilimkuta dukani. Kulikuwa na mama mmoja ananunua dawa ya minyoo, nikasubiri aondoke.

"Vile vidonge ulivyonipa," nilisema, "vilikuwa vya nini?"

"Vya damu. Wajawazito wanapewa. Vina madini ya chuma tu."

"Mbona havikuwa na boksi?"

"Vinakuja kwenye kopo kubwa. Tunawahesabia watu." Aliacha kufuta kaunta. "Mwalimu amekutuma?"

"Nimekuja mwenyewe."

Nikamweleza yote: muuguzi, kidole cha pili, wakala, mikono yangu kugeuzwa. Alisikiliza huku amekunja kile kitambaa. Nilipomaliza alisema bila kupandisha sauti.

"Mimi nimekimbia miaka yote ile, sikupata kitu. Kama ningejua kuna dawa ya kukimbia, unafikiri ningekupa wewe kabla sijaimeza mwenyewe?"

Nilitazama rafu za nyuma yake, zile chupa na maboksi, na bado kitu ndani yangu kilikuwa kinatafuta.

"Hujaniamini," alisema.

"Sijui."

"Basi twende hospitali. Wote wawili. Wanipime na mimi."

Tulikwenda siku ya mapumziko yake. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole lakini mwenye maswali mengi, nami kila swali nililiona kama mtego. Ninavuta sigara? Ninakoroma? Nimewahi kuwekewa damu? Jiko letu lina moshi kiasi gani? Alinisikiliza kifua, akanibonyeza tumboni upande wa kushoto. Kisha damu yetu ikachukuliwa kwenye vijibomba vyembamba vya kioo, ikazungushwa kwenye mashine, na daktari akavileta vyote viwili tuvione kwa macho yetu.

Damu iliyozungushwa inajigawa. Chini inakaa sehemu nyekundu, juu maji ya rangi ya chai hafifu. Kwenye kijibomba cha kaka, nyekundu ilikuwa chini ya nusu. Kwenye changu ilikuwa imepanda mpaka maji yamebaki kidogo tu juu.

"Dawa ya sindano inaweza kufanya hivi," daktari alisema. "Siwezi kusema haiwezi. Lakini hali hii inaweza pia kuwa ya kuzaliwa nayo. Nyumbani kuna mtu mwenye macho mekundu? Uso umeiva, viganja vyekundu, kichwa kinamgonga mara kwa mara?"

Kaka aligeuka kunitazama, nami nikamtazama. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumtaja.

Baba alikuwa na macho mekundu tangu nimjue. Alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kilabuni, na kichwa kilimuuma kiasi kwamba alikuwa akienda kwa mzee mmoja wa kijijini anayeumika watu kwa pembe, anatolewa damu, anarudi mwepesi. Aliwahi kuwa mzee wa kanisa. Nilikuwa bado mdogo wazee wenzake walipokuja nyumbani, wakakaa wamemsogelea kuliko kawaida, wakinusa pumzi yake huku wanaongelea mambo ya ujenzi. Baadaye walimwomba apumzike uzee. Aliwaambia hanywi. Walisema wamesikia. Mama hakuwahi kumshutumu mbele yetu, lakini nilimwona mara nyingi akitundika koti la baba, akilileta kwanza puani.

Na mtu huyo huyo alikuwa hachoki. Alikuwa akienda Yaeda Chini kutazama ng'ombe aliowaacha kwa rafiki yake mfugaji, na wakati wa kurudi, pale njia inapopanda ukuta wa bonde, wafugaji wenyewe walipumzika mara kadhaa, yeye akapita. Walimtania kwamba pombe ndiyo inayomsukuma.

Tulipomweleza alichosema daktari, baba alikataa.

"Damu yangu inatafutwa nini?"

"Baba, ni kulinganisha tu na ya huyu," kaka alisema.

"Wakishaichukua watapima wanachotaka. Mtu akionekana kwenye benchi lile, kesho kijiji kizima kimeshajua anaumwa nini."

Hakuwa peke yake kuogopa. Miaka ile ukisema unakwenda kupimwa damu, watu walielewa jambo moja tu, ukimwi, na hawakusubiri majibu. Kaka alijaribu tena, nami nikajaribu, baba akachukua jembe akatoka. Alikuwa amefika kwenye ua mama alipozungumza, amekaa kwenye kigoda, hakuinuka.

"Nenda," alisema. "Na mimi nataka kujua nimeishi na mtu wa namna gani."

Baba alisimama na jembe lake. Nadhani ndipo alipofahamu kwamba hata mama, miaka yote, alikuwa miongoni mwa waliosubiri kumfuma. Mama hakutazama pembeni.

Alikwenda. Mama alikwenda pia. Baba hakutaka kupanda gari kwa sababu ya watu, kwa hiyo tulitembea, na kwenye mlima wa mwisho kabla ya mji alituacha sote nyuma, mimi mkimbiaji wa mkoa nikiwa wa pili.

Kijibomba cha mama kilikuwa kama cha kaka. Cha baba kilikuwa kama changu, na kilizidi kidogo. Daktari alikiweka mezani, akamuuliza kama alivyotuuliza sisi, kwa utaratibu.

"Mzee, unavuta?"

"Hapana."

"Unakunywa pombe?"

"Sinywi."

"Nakuamini. Macho yako ni ya damu hii, si ya pombe."

Baba alikaa ameshika kofia magotini. Nje kulikuwa na mtoto analia na muuguzi anamwita mtu aliyefuata.

"Rudia," baba alisema.

"Nirudie nini, mzee?"

"Hilo la mwisho."

Daktari akarudia, polepole zaidi, akimtazama mama. Mama alifungua kanga yake na kuifunga upya, kitu ambacho alikifanya akiwa hana la kufanya.

Kisha daktari akatueleza. Ndani ya mifupa kuna uboho unaotengeneza damu, na mwili unaupelekea ujumbe wa kuongeza au kupunguza. Kuna familia ambazo uboho wao unausikia ujumbe huo kupita kiasi, unaendelea kutengeneza hata damu ikiwa imetosha. Damu ndiyo inayobeba hewa kwenda kwenye misuli, kwa hiyo mtu wa namna hiyo akikimbia anachelewa kuchoka. Mzazi mmoja anaweza kumpa mtoto mmoja, asimpe mwingine. Alisema kipimo cha kuthibitisha kabisa hakipo hapa, wala hajui kiko hospitali gani karibu. Anachokiona ni baba na binti, na hakuna aliyemchoma sindano baba. Akatuonya pia. Damu nzito inaweza kuganda pasipotakiwa. Tunywe maji mengi, mimi nisikimbie nikiwa na kiu, na kichwa kikizidi tuje hospitali watutoe damu kwa usafi, tuachane na zile pembe.

"Na mimi?" kaka aliuliza. "Mimi nilifanya mazoezi kuliko huyu."

"Hilo nalo lina asili yake," daktari alisema. "Wako watu misuli yao inaitikia mazoezi haraka, wako wanaofanya yale yale wakapata kidogo sana. Hata chakula, miili haikitumii sawa. Si uvivu."

Kaka alicheka kidogo, cheko ambalo halikuwa la furaha. Njiani kurudi alitembea mbele na baba, na sikusikia walichozungumza.

Nilimwomba kaka radhi baadaye, akasema yameisha. Lakini tangu siku ile akinipa dawa yoyote, hata ya mafua, ananipa na boksi, na anasimama mpaka nimesoma.

Mwalimu hakuridhika na maneno yetu. Alikwenda mwenyewe kwa daktari, na baadaye daktari aliniambia alimwuliza swali lile lile kwa maneno tofauti, kama anayehoji mateka. Alirudi akaniambia niendelee na mazoezi. Hakusema ananiamini. Alimpigia wakala simu kutoka posta, mimi nikiwa nimesimama karibu naye. Wakala alimjibu kwamba kila anayekamatwa huwa na daktari wake. Sikwenda nje mwaka ule, wala mwaka uliofuata.

Nyumbani mambo yaligeuka kwa namna ambayo hatukuitegemea. Mama, kwa furaha yake, alimweleza mwanamke mmoja sokoni kwamba mume wake hajawahi kuwa mlevi, ni damu tu. Ilipofika kanisani, ilikuwa imeshakuwa habari nyingine. Mmoja wa wale wazee waliomsogelea baba zamani alikuja nyumbani. Safari hii alikaa mbali, karibu na mlango, na alipopewa chai hakuigusa.

"Tumesikia una tatizo la damu," alisema. "Tunakuombea."

Baba alielewa mara moja. Niliona shingo yake ikiiva.

"Tatizo langu ni kwamba ninayo nyingi," alisema.

"Ndiyo, ndiyo," yule mzee alijibu, kwa sauti ile ya watu wanaokaa na wagonjwa.

Baadaye mchungaji mwenyewe alimfuata daktari, kwa ruhusa ya baba, akaelezwa. Akaja kumwomba baba arudi kwenye uzee wa kanisa. Baba alimshukuru, akakataa.

"Walinihesabu mlevi sijanywa," alisema. "Sasa wananihesabu mgonjwa sijaugua. Nikirudi wataona kingine. Niache nilime."

Aliendelea kwenda ibada, akakaa benchi la nyuma. Mama aliacha kulileta koti puani. Siku moja nilimwona amelishika, limefika usawa wa kifua, akasita, akalitundika.

Mimi niliwakilisha mkoa misimu mingine miwili. Nilishinda mbio za barabarani kule Hanang, mlima ukiwa wazi bila wingu, na kwenye mstari wa mwisho msichana aliyeshika nafasi ya pili aliponikumbatia, alipitisha mkono wake kwenye mkunjo wa mkono wangu, hapa ndani ya kiwiko, akapapasa. Nilimwacha apapase. Watu walikuwa wameshasikia, na daktari hakuwa na kipimo cha kuwafunga midomo. Kusema kweli, hakuwa na cha kuifunga hata ile sauti yangu mwenyewe, ambayo siku nyingine iliniuliza kama kukimbia kwangu ni kazi niliyoifanya au ni kitu nilichopewa, na kama nimepewa, nilikuwa nasifiwa kwa nini. Nilichoka na hilo kabla ya kuchoka na mbio. Nikaenda chuo cha ualimu.

Baba yu hai. Anakwenda hospitali kutolewa damu akiona kichwa kinamzidi, na bado anapanda mlima bila kupumzika.

Nimezaa watoto wangu. Wa kwanza juzi alishinda mbio za shule, akawaacha wenzake mbali kiasi kwamba walimu walicheka. Mume wangu aliniuliza jioni, tukiwa tunamenya viazi, kama tumpeleke akapimwe.

"Ana afya," nilisema. "Anacheza tu."

"Najua ana afya. Nauliza kama hutaki kujua."

Nilimwambia nitafikiri. Tulimaliza viazi, nikamwita mtoto aingie ndani anywe maji.